Sorry, excuse me, pardon, apologise: lipi useme wapi

Kamusi ndogo nyingi zinayapa haya maneno manne tafsiri moja tu, samahani, halafu zinaendelea na mambo mengine. Matokeo yake mtu anaishika "sorry" peke yake anaenda nayo kila sehemu: msibani sorry, kupita katikati ya watu sorry, imeili kwa bosi sorry, hajasikia alichoambiwa sorry. Na kusema ukweli mara nyingi inapita, maana sorry ni neno linalovumilia sana. Ila kuna sehemu inakuangusha, na hizo nyingine nazo ukizikosea mahali pake zinasema kitu ambacho hukukusudia kabisa, mwingine anaona umemjibu jeuri, mwingine anaona umekiri kosa ambalo si lako, mwingine anaona unamwomba radhi kikaratasi wakati yeye ameumia kweli. Mimi hili jambo nalipenda kwa sababu kila neno hapo bado limebeba kitu cha kule lilikotoka, ukishajua asili yake mambo mengi ya lini na wapi yanakaa yenyewe bila kukariri.

Kwa aliye na haraka msimamo wangu ni huu. Kuna mtu ameumia au amekwazika, sema sorry. Unataka kuvuka kautaratibu kadogo, kupita, kukatiza maongezi, kumwita mtu usiyemjua, sema excuse me. Hujasikia, "sorry?" inatosha kabisa, pardon sio lazima. Umekosa wewe na unataka ijulikane kwamba umekosa, apologise. Hayo ndo makubwa, ila utamu wenyewe uko pale yanapokaribiana kwa hiyo tuingie ndani.

Sorry: neno la mtu anayeumia

Sorry ni Kiingereza cha kale kabisa, enzi hizo lilikuwa "sārig", na limejengwa juu ya "sār" ambayo leo ndo "sore", kidonda, mahali panapouma. Watu wengi, hata wenye lugha yao, wanadhani sorry imezaliwa na "sorrow", huzuni. Hapana. Sorrow ina ukoo wake, zamani ilikuwa "sorg", na ndugu yake kwa Kijerumani ni "Sorge" yaani wasiwasi. Yalikuwa maneno mawili tofauti yakaishi jirani karne nyingi mpaka sorrow ikaivuta sorry upande wake, kwenye sauti na kwenye maana, leo ukiyatazama unaapa ni baba na mtoto. Na yule ndugu wa "sār" kule kwa Wajerumani amekuwa "sehr", wanamtumia kumaanisha "sana" tu, maumivu yenyewe yameshapotea.

Shika hapo kwenye kuuma, maana ndo siri yote ya hili neno. "I'm sorry" kwa undani wake inasema naumia kwa hili jambo. Haisemi nani kalifanya. Kosa laweza kuwa langu, laweza kuwa la mwingine, laweza kuwa halina mwenyewe kabisa kama kifo au mvua. Ndo maana mtu akifiwa unamwambia "I'm sorry for your loss" na hakuna anayekuuliza umehusikaje. Kwa hiyo sorry inakaa pale ilipo pole na inakaa pia pale ilipo samahani, na anayekusikiliza anajua ni ipi kwa kuangalia kilichotokea.

Ila kuna mpaka hapo ambao sisi tunauvuka mara nyingi. Mtu akijikwaa barabarani peke yake, mzungumzaji wa Kiswahili mdomo unamtoka "sorry!" akimaanisha pole, na ni tabia nzuri sana sitaki mtu aiache. Lakini Mmarekani au Mwingereza anaweza kukugeukia akakwambia "why, it's not your fault", kwake sorry fupi ya papo kwa papo, ikisemwa peke yake, inasikika kama ya mtu aliyesababisha. Akisimulia habari mbaya ndo sorry ya pole inakubalika bila shida, "oh, I'm sorry to hear that". Kwa aliyejikwaa sasa hivi mbele yako, "are you okay?" inafanya kazi ya pole vizuri zaidi.

Halafu kuna vile vijineno vinavyofuata nyuma, na hapa naomba usome polepole maana ndo watu wengi wanapoteleza.

"Sorry for" ikifuatiwa na kitendo chako, umekubali kitendo: "I'm sorry for shouting", samahani nilikufokea. "Sorry about" inataja jambo au hali, ni nyepesi kidogo, "sorry about the noise", inafaa pia kwa vitu ambavyo hata hukuvifanya wewe. "Sorry to" inafuatiwa na kitenzi na inakwenda na kitu unachokifanya muda huu huu au unachotaka kukianza, "sorry to bother you" unaisema ukiwa mlangoni bado hujamsumbua, ukishamaliza kumsumbua unaondoka inageuka "sorry for bothering you". Tofauti ndogo lakini masikio ya wenyewe yanaisikia. Na "sorry for" ikifuatiwa na mtu, hiyo ni habari nyingine kabisa: "I feel sorry for him" maana yake namwonea huruma. Sasa fikiria umemkosea mtu unataka kumwomba radhi halafu unamwambia "I am sorry for you". Ulichomwambia ni kwamba unamhurumia, na kwa sauti fulani inakuwa hata dharau au vitisho. Hii naona watu wanaiandika sana kwenye meseji, tafadhali iache, ni "I'm sorry" basi, au "I'm sorry for what I said".

Na ile ya "if". "I'm sorry if you were offended." Gramma yake haina tatizo hata kidogo, tatizo ni moyo wake, maana unasema kama umeumia, kama, na kuumia kwenyewe ni kwako wewe, mimi sijataja nilichofanya popote. Waingereza na Wamarekani wenyewe wanailalamikia kila mtu mkubwa akiitoa hadharani. Ukitaka iwe ya kweli toa "if" weka kitendo chako, "I'm sorry that I said that in front of everyone". Imekuwa ndefu lakini anayeisoma anajua umejua ulichofanya.

Matumizi mengine ya sorry nayapita haraka. Ikikaa mbele ya nomino inamaanisha ya kusikitisha, duni, "in a sorry state" ni hali mbaya ya kutia huruma, na matumizi hayo ni ya zamani sana kuliko haya ya kuomba radhi. Sorry fupi, inayosimama yenyewe bila "I'm" kama salamu, ni kitu cha juzi juzi tu, karne ya 19. Kuna "better safe than sorry" ambapo sorry ni kujuta. Na kuna sorry ya kujisahihisha katikati ya sentensi, "on the third, sorry, the fourth floor", hiyo itumie bila wasiwasi inakufanya usikike mwenyeji.

Sorry na excuse me zikiwekwa bega kwa bega

Excuse imetoka Kilatini, "excusare", yaani "ex" nje na "causa" kesi, shtaka. Nitoe kwenye kesi. Ni neno la kortini, likapitia Kifaransa cha kale likaingia kwenye Kiingereza karne ya 13. Na mpaka leo kazi yake ni hiyo hiyo kwa udogo: kuna sheria ndogo ya adabu nakaribia kuivunja au nimeivunja sasa hivi, usinihesabie. Hakuna kidonda hapo, hakuna aliyeumia, ni utaratibu tu.

Mwaka 1978 watafiti wawili wa ufundishaji wa Kiingereza, Ann Borkin na Susan Reinhart, waliandika kuhusu tofauti hii hii na jibu lao mimi naona halijapitwa: excuse me inatengeneza adabu iliyovunjwa au inayokaribia kuvunjwa, I'm sorry inaonyesha umeguswa na kitu kibaya kilichompata mtu. Ukilishika hilo karibu kila kitu kinajipanga.

Chukua mlango wa lifti, imejaa. Unataka kutoka na kuna watu wamesimama mbele yako, unasema "excuse me", wanasogea. Unapita, begi lako linampiga mmoja begani, unasema "oh, sorry". Hujafika mbali chafya inakutoka, unasema "excuse me". Umetumia maneno mawili kwenye dakika isiyofika moja na kila moja lilikuwa na sababu: ya kwanza ulikuwa unavuka nafasi za watu, ya pili umemuumiza mtu hata kama kidogo, ya tatu hakuna aliyeumia ila kuna adabu imevukwa. Watu wanafundishwa kanuni ya "kabla na baada", excuse me kabla ya tukio sorry baada ya tukio, na kweli inasaidia kwa kuanzia ila chafya inaivunja, kwa hiyo mimi nashauri ushike ya adabu na maumivu badala yake.

Sasa nchi zinatofautiana. Mmarekani akikugusa bega kwa bahati mbaya mara nyingi atasema "excuse me", anaihesabu ni adabu, Mwingereza hapo hapo atasema "sorry". Na Waingereza sorry wanaitoa kirahisi mno, mwanaanthropolojia Kate Fox alifanya jaribio la kuwagonga watu makusudi huko Uingereza, na kwa hesabu yake kama asilimia 80 hivi ya aliowagonga ndo waliosema sorry wao, waliogongwa! Kwa hiyo ukiwa na Waingereza hata kupita unaweza kusema "sorry, can I just get past" na ni sawa kabisa, kwa Wamarekani excuse me ndo ya kupitia. Hata kuita mtu usiyemjua umuulize njia, excuse me inakubalika pande zote kwa hiyo ukiwa huna uhakika ichukue hiyo.

Tahadhari kubwa ya excuse me ni sauti. Ukiisema kwa kuipandisha mwishoni na kuikazia, "excuse ME?", kwa Wamarekani hasa imekuwa "unasemaje wewe?!" na mtu anajua umekasirika. Umekuwa hujasikia tu ulichoambiwa, umeuliza kwa haraka, mwenzako anadhani unataka ugomvi. Ndo sababu kwa kutosikia mimi siipendekezi.

Kitu kimoja cha matamshi: excuse ya kitenzi mwishoni ina sauti ya z, "ekskyuuz mi", ile ya nomino inayomaanisha kisingizio ina sauti ya s, "that's just an excuse". Ukiibadilisha wanakuelewa, lakini inasikika.

Pardon: sio lazima uwe nayo

Pardon ina asili nzuri kuliko zote. Kilatini cha baadaye, "perdonare", yaani "per" kabisa kabisa na "donare" kutoa, kupa. Kutoa kabisa, bila kubakiza. Na "forgive" ya Kiingereza ni neno hilo hilo limevalishwa nguo za nyumbani, watu wa zamani walilichukua la Kilatini kipande kwa kipande wakalijenga kwa maneno yao, "give" unaiona wazi pale. Kwa hiyo anayesamehe ndo anayetoa, na hili mimi naliona muhimu, maana sorry inamhusu anayesema na pardon inamhusu anayeombwa: zawadi iko mikononi mwake, anaweza kuitoa anaweza kuizuia.

Maana hiyo nzito bado ipo hai serikalini. Rais akimfutia mtu adhabu hiyo inaitwa pardon, kama rais wa Marekani Gerald Ford alivyompa mtangulizi wake Richard Nixon tarehe 8 Septemba 1974. Pale hakuna mtu angesema excuse wala sorry.

Kwenye maongezi ya kila siku lakini pardon imepungua ikawa ya kutosikia tu, "pardon?" yaani rudia. Na huko Uingereza imebeba mzigo wa ajabu wa kitabaka. Mwaka 1954 mwanaisimu Alan Ross aliandika jinsi watu wa tabaka la juu wanavyotofautiana na wengine kwa maneno, na pardon akaitaja wazi: wengine wanasema pardon wakiwa hawajasikia, wakimgusa mtu, au wakicheua, ila wa tabaka la juu wasiposikia wanasema "what?", wakimgusa mtu wanasema "sorry!", na wakicheua wananyamaza. Yaani neno linalosikika la adabu zaidi ndilo lililoonekana la mtu anayejitutumua. Leo watu wengi hawajali tena hayo na mgeni hakuna atakayempima kwa hilo, ila inakuonyesha kwamba neno refu la heshima sio kila mara ndo salama. "Sorry?" kwa sauti ya kuuliza haina tabaka, haina ugomvi, inaeleweka kila inakozungumzwa Kiingereza. Mimi nachukua hiyo. Mmarekani ana "I'm sorry?" au "say that again?" nazo ziko sawa.

"I beg your pardon" ijue hata kama huitumii, kwa sababu ina sura tatu na zote ni sauti tu zinazozitenganisha: ikishuka polepole ni kuomba radhi, ikipanda ni rudia sijasikia, ikikaziwa kwenye "beg" ni hasira, umesema nini wewe. Ukiwa bado hujaizoea sauti ya Kiingereza hiyo ni kazi nyingi kwa neno moja.

Apologise: kukiri

Hili ndo neno ambalo asili yake inashangaza watu. Kigiriki "apologia" ni hotuba ya kujitetea. Mwanafalsafa Socrates alipopelekwa mahakamani Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, hotuba yake inaitwa apologia mpaka leo, na ndani yake hakuomba radhi hata kidogo, alijitetea mwanzo mwisho. Lilipoingia kwenye Kiingereza karne ya 16 lilikuja na maana hiyo ya utetezi, na mabaki yake bado yapo, "apologist" ni mtu anayetetea imani au mtu fulani. Baadaye likageuka polepole, kutoka kujieleza kwa nini nimefanya, likafika kukubali kwamba nimefanya na sikutakiwa kufanya. Leo ndo neno zito la kukiri kuliko yote manne.

Na tofauti yake na sorry ni hii, sorry ni hali ya moyo, apologise ni kitendo. Ukisema "I apologise" umeshafanya, kusema kwenyewe ndo kuomba radhi, imeisha. Kwa sababu ni kitendo cha kukiri, haiendi msibani hata siku moja. "I apologise for your loss" maana yake umehusika na kifo. Hili kosa linatokea kweli, mtu anataka kuonyesha heshima anachagua neno rasmi zaidi na linamgeuka vibaya mno kwa mtu ambaye tayari ana majonzi.

Kwenye kazi ndo nyumbani kwake. Tuseme umechelewesha ripoti, angalia hizi tatu. "Sorry about the delay, here's the report!" hiyo ni ya mfanyakazi mwenzako mnayezoeana. "I apologise for the delay. The report should have reached you on Monday." hiyo ni ya kastama au bosi, imetaja kosa na imetaja ripoti ilitakiwa kufika lini, haizunguki. "I'm sorry you had to wait." hii ya tatu inasikika tamu lakini soma tena, kusubiri kwako kumetajwa, kuchelewa kwangu hakuko popote. Nimeshaona hii ya tatu inatumwa na kampuni kwa watu waliokasirika na inawakasirisha zaidi, na mimi nawaelewa. Kama kosa ni lako chagua ya pili. Kama kosa sio lako na unataka tu kumfariji kastama, basi hapo ya tatu ni sahihi na ni ya kweli.

Nyumbani geuza. Kwa mpenzi wako, rafiki, ndugu yako, "I apologise" inaweza kuwa baridi, inafunga faili wakati mwenzako bado anaumia. Hapo sorry na kile kidonda chake cha zamani inafanya kazi ambayo apologise haiwezi, kwa sababu anachotaka kusikia ni kwamba na wewe inakuuma. Ndo maana siwezi kukubali wanaosema apologise ni sorry yenye adabu zaidi.

Sarufi yake fupi: apologise TO mtu, FOR jambo, usiseme "I apologise you". Uingereza utaona -ise zaidi, Marekani ni -ize, na kamusi za Oxford nazo zinaandika -ize ingawa ni za Uingereza, kwa hiyo chagua moja ubaki nayo. "Apologies" ya wingi ikisimama peke yake mwanzoni mwa imeili, "apologies for the late reply", ni ya katikati, sio baridi sana sio ya kukumbatiana, inafaa watu mnaofahamiana kikazi.

Yanapopandishwa ngazi ya nchi

Kama bado unaona ni mchezo wa maneno tu, angalia serikali zinavyoyapima kwa mizani. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China Wang Wei alikufa, ndege ya Marekani ikatua Hainan bila ruhusa ikiwa na watu 24 nao wakazuiliwa. China ikataka Marekani iombe radhi. Tarehe 11 Aprili ikatoka barua ya Marekani yenye "very sorry" mara mbili, moja kwa kifo cha rubani na moja kwa kuingia na kutua bila ruhusa, na apologise haikuwemo. Wamarekani wakasema hatujaomba radhi, tumesikitika, Wachina wakaitafsiri kwa maneno ya Kichina yanayokaribia kabisa kuomba radhi, kila upande ukaenda na maana yake na wale watu wakaachiwa. Sorry ndo iliwezesha hilo kwa sababu, kama nilivyosema, haisemi nani mwenye kosa.

Chini ya sorry kuna "regret". Asili yake ni Kifaransa cha kale, kulilia wafu, ila leo kwenye karatasi ndo neno baridi kuliko yote, "we regret to inform you" unajua umekosa kazi kabla hujamaliza kusoma mstari. Nchini Australia waziri mkuu John Howard mwaka 1999 alipitisha bungeni kauli yenye "regret" kwa dhuluma walizotendewa wenyeji wa nchi hiyo, na sorry kwa watoto wao waliochukuliwa kutoka kwa wazazi akaikataa. Watu wakaidai miaka mingine mingi. Mwaka 2013 Uingereza nayo ilipozungumzia mateso ya wakati wa Mau Mau nchini Kenya, waziri wake wa mambo ya nje wa wakati huo, William Hague, alisema bungeni London kwamba serikali inasikitika, regret, pamoja na malipo, na wengi waliona mara moja ni neno gani lililochaguliwa na lipi limeachwa.

Kevin Rudd, waziri mkuu wa Australia aliyemfuata Howard, ndo aliyefanya tofauti tarehe 13 Februari 2008, na hotuba yake mimi naiona kama somo zima la hili jambo. Alitumia yote mawili, kila moja mahali pake. Kwa sheria na sera za mabunge na serikali zilizopita, na kwa kuwachukua wale watoto, alisema "we apologise". Kwa maumivu ya watoto hao na familia zao, kwa mama na baba waliotenganishwa na watoto wao, alisema "we say sorry". Tendo likapata apologise, kidonda kikapata sorry. Ukitaka kuelewa tofauti kwa kusikia badala ya kusoma, tafuta hiyo hotuba uisikilize.

Sheria pia zimeingia humu. Watu walikuwa wanaogopa kusema sorry baada ya ajali, au daktari kwa mgonjwa, wakihofia itasomwa mahakamani kama kukiri. Massachusetts ikatunga sheria mwaka 1986 ya kulinda maneno ya huruma baada ya ajali, Uingereza mwaka 2006 ikasema kuomba radhi peke yake sio kukubali uzembe, Ontario huko Kanada mwaka 2009 nayo ikaja na yake. Sio kila sehemu ina sheria hiyo, kwa hiyo kwenye ajali unaweza kumjali mtu kwa "are you hurt?" bila kugusa nani kakosa.

Na wewe ukiambiwa ujibu nini

Hii inasahaulika. Sorry ya kugongana begani, "no worries" au "that's okay". Sorry ya msiba, "thank you" tu, usiseme "it's okay" maana hakuna kilicho okay. Mtu akikuomba radhi kwa jambo zito na wewe bado hujawa tayari, "thank you for saying that" inapokea maneno yake bila kufuta kosa, wakati "it's fine" inaweza kueleweka kwamba umeshamaliza. Excuse me ya kupita haihitaji jibu, sogea tu. Excuse me ya kuitwa, "yes?". Na "you're excused" iache kabisa kwa mtu mzima mwenzako, hiyo ni ya mwalimu anayemruhusu mtoto atoke darasani.